Viazi vya Godelive

Kwenye kona ya barabara inayoshuka kutoka sokoni Butembo, mbele ya nyumba ya mulini, mashine ya kusaga unga, iliyofungwa kwa kukosa mafuta ya mazutu, kulikuwa na benchi ambalo waliokaa hapo waliliita Parlement, yaani Bunge. Kila asubuhi Mama Kavira alileta birika lake la kahawa ya tangawizi, akakuta wabunge wamekwisha kaa. Kulikuwa na Abdias, aliyeitwa Radio kwa sababu hakuna habari iliyompita, na Ananie, aliyeitwa Docta kwa kuwa kabla ya vita aliuza vidonge vya malaria juu ya meza. Wa tatu alikuwa Syauswa, dereva ambaye wanajeshi, basoda kwa lugha ya huko, walimnyang'anya lori pale Kayna, akarudi kwa miguu na funguo mfukoni. Tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa moja tu, kulinda shamba la viazi nyuma ya nyumba yake. Viazi vyenyewe alivipanda mke wake, Godelive, kisha akaenda Beni kumwuguza dada yake huko Bungulu. Mapigano yakafunga barabara nyuma yake, na hakuna mtu aliyeleta neno lake tena.

Asubuhi hiyo Syauswa alifika akiwa amekunja uso.

— Basoda bamechimba shamba ya jirani yangu Maliro, — alisema. — Yote. Bamemuachia majani tu.

— Hapana mutu alikufa? — aliuliza Mama Kavira.

— Hapana.

— Basi Mungu asifiwe. Kamata kahawa.

Radio alisogea kwenye benchi.

— Ya Maliro iko kando ya barabara, njo maana balianza nayo. Kesho batapanda mulima mpaka kwako. Weye vuna leo!

— Leo? — Docta nusura amwage kikombe. — Kiazi yenye haijakomaa ni sumu, ndugu yangu! Batu batavimba tumbo, na mimi dawa sina. Ngoja majani ikauke.

— Imekauka nusu, — alisema Syauswa. — Ingine ingali mubichi.

— Basi nusu ya viazi iko tayari, — alisema Radio. — Chimba nusu, basoda bakute nusu.

— Nusu gani? — aliuliza Syauswa. — Ya juu ao ya chini?

— Si yenye iko tayari!

— Munajua nini nyinyi? — alisema Docta. — Shida haiko majani. Shida ni mabomu. Kiazi ikisikia bomu, inashuka chini zaidi. Mwaka huu mutachimba mpaka mutokee Uganda.

— Kiazi iko na masikio? — aliuliza Radio.

— Iko na macho! Hauyaone macho yake? Kitu yenye iko na macho, itakosa masikio namna gani?

Mama Kavira alicheka mpaka akaweka birika chini. Syauswa hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe mkononi, kahawa ikipoa.

— Papa Syauswa, — Mama Kavira alimwambia kwa upole, — weye hauogope basoda tu.

Ilikuwa kweli. Kila kukicha alichukua jembe, akafika ukingoni mwa shamba, akasimama, akarudi nalo ndani. Godelive alipoondoka alimwambia kwamba viazi vikikomaa yeye atakuwa amerudi, wavichimbe pamoja, halafu wapande mboga za kiangazi. Sasa kuchimba peke yake kulikuwa kama kutamka jambo ambalo hakuwa amelitamka hata mbele ya padiri.

— Nikivuna, — alisema, — nitakula na nani?

Radio alikohoa, akabadili mazungumzo.

— Na kiangazi, utapanda nini?

— Pilipili, — alijibu Docta kabla ya mwenyewe. — Mwizi akiiba, atalia.

— Hapana, kabichi! — alipinga Radio. — Basoda hapana penda kabichi. Inabaungurumisha tumbo, adui anabasikia kutoka mbali. Ukipanda kabichi mulima yote, vita itaisha.

— Sasa kiazi itoke kwanza! — alisema Mama Kavira. — Imekomaa ao haijakomaa?

— Imekomaa!

— Haijakomaa!

— Mulishachimba hata moja, mukaangalia?

Swali lilitoka nyuma yao. Docta alimtazama Radio. Radio alimtazama Docta. Hakuna aliyekuwa amechimba.

Syauswa aliijua sauti ile kabla hajageuka. Alisimama na kikombe chake, asijue akiweke wapi, mpaka Mama Kavira akakipokea. Mwanamke aliyesimama barabarani alikuwa amekonda, miguu imejaa udongo mwekundu hadi magotini, na kitenge alichojifunga hakikuwa chake.

— Godelive.

— Njo mimi.

— Barabara imefunguka?

— Hapana. Tumepita kwa pori, na bamama ba Beu, kule Beni. Dada amepona.

Aliyasema hayo kama mtu anayetoa habari za soko. Syauswa akamshika mkono, akamkalisha mahali pake kwenye benchi. Mama Kavira alimmiminia kahawa iliyobaki. Syauswa alichuchumaa mbele ya mke wake, akamshika miguu ile yenye matope, akalia bila kujificha. Radio alivua kofia.

Alipomaliza kunywa, Godelive alisema:

— Twende tuone.

Walikwenda wote. Syauswa alichimba shina la kwanza, viazi vikabingirika, vinono. Godelive alichukua kimoja, akasugua ganda kwa dole gumba, kwa nguvu. Ganda halikubanduka.

— Imekomaa. Kama ganda ingetoka, tungeiacha ndani ya udongo siku kidogo. Ile ya mashina mabichi muiache kwanza. Hii muitandaze kivulini ikauke, kisha tuifiche ndani, mahali pa giza.

Radio na Docta wakavua mashati, wakakamata majembe, huku wakibishana nani alikuwa amesema hivyo tangu mwanzo. Mama Kavira alikusanya viazi kwenye kitenge chake. Godelive aliketi juu ya tuta, akinyoosha mkono.

— Pale chini, karibu na maji, kabichi. Hapa katikati, puaro, kitunguu ya majani. Karoti huku, udongo iko laini.

Syauswa alisimamisha jembe.

— Kiangazi yote utakuwa hapa?

— Kabichi inajipalilia yenyewe?

Syauswa akainama tena kuchimba, jembe likishuka kwa kasi.

— Pole pole, Papa, — alisema Godelive. — Ile kiazi umeshaikata.