Kitubio cha Kuwekea Unga

Basi la kushuka ziwani lilipoondoka Mbinga, juu yake palikuwa pamefungwa kitubio cha zamani, kile kibanda cha mbao cha kuungamia. Mwenye mzigo, kijana wa dukani aitwaye Ausi, alikaa mbele yangu pamoja na mama mmoja. "Mwanangu, umekitoa wapi?" mama akamhoji kama askari wa kizuizini.

"Maguu, mama. Kanisani wamepata kipya, hiki wakaniuzia. Nakigeuza kabati. Alipokaa padri nitapanga unga na mchele, mlipopiga magoti nitaweka masufuria."

"Na ule wavu wa katikati, padri anaposikilizia dhambi?"

"Nauacha, unga upate hewa."

"Ung'oe. Mimi nimeungama humo mpaka naolewa."

"Mama, mbao hazikumbuki kitu."

"Umejuaje?" Ausi akacheka peke yake. Sisi Wakatoliki wengine tulitazama dari.

Basi likasimama Ngumbo. Mumewe yule mama alikuwa amekuja kumpokea, lakini alipoona mzigo unateremshwa akaenda kusaidia, akaubeba upande wa kupigia magoti, shavu limegusa wavu.

"Baba Tobias!" mkewe akapiga kelele dirishani. "Toa sikio hapo!"