Fundi Kushoto na Mashua Iliyonyooka

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Leo tunamkumbuka mtu aliyetufanya tukae upande. Fundi Kushoto ametutoka. Ninyi mliowahi kuvua samaki mnamjua: mashua zake zote ziliegemea kushoto. Zote hamsini na tatu.

Sababu ilikuwa mkono. Mkono wa kushoto aliuvunja utotoni, ukaunga ukiwa mfupi. Naye hakutumia futi. Ubavu wa kulia aliupima kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwa mkono wa kushoto. Basi ubavu wa kushoto ukatoka mwembamba. Wavuvi wakazoea: ukipanda, unakaa kulia. Hakuna aliyemsema, maana mashua zake hazikuvuja hata tone. Mkewe ananiambia, "Mimi nilijua tangu harusi. Kitanda alichotuchongea, nimelala miaka arobaini nimeshikilia ukingo."

Kisha binti yake akashika tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao. Watu wakanong'ona: mwanamke na mashua wapi na wapi? Mashua yake ya kwanza aliipima kwa futi, kila ubao mara mbili. Ikanyooka sawasawa.

Siku ya kuishusha, ufuo ulijaa. Wavuvi sita wakapanda. Kwa mazoea, wote sita wakakaa kulia. Mashua ikawamwaga mbele ya macho yetu.

Mwenye mashua, mmoja wa wale sita, akatoka majini anatiririka, akasema haichukui ng'o. Binti akaiweka tezo mchangani. Alishaamua, anasema, kwamba hataigusa tena maisha yake.

Hapo baba mtu akaingia majini na shati lake jipya. Angeweza kunyamaza, jina lake likabaki safi. Hakunyamaza. Aliinua mikono yote miwili, kila mtu auone ule mfupi.

"Mashua ya mwanangu haina kosa," akasema. "Zangu ndizo zilizokwenda kombo. Mmekaa upande miaka yote kwa sababu ya mkono huu. Pandeni tena, mkae katikati."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, yeye akiwa wa kwanza. Wakapanda, wakakaa katikati, mashua ikatulia. Mwenye mashua aliagiza na ya pili. Tangu siku ile Fundi Kushoto alikuwa akimshikia binti yake ncha ya futi, na kwa wageni alijitambulisha kuwa kibarua wa mwanawe.

Juzi tulimzika. Jeneza alilichonga binti, kwa futi, limenyooka kabisa. Tulipolibeba, likayumba. Mjane akacheka huku machozi yanamtoka.

"Jamani, gawaneni," akasema. "Mmejaa wote kulia."

Mama, na wewe binti, fundi wetu sasa, poleni sana, tulimpenda. Nasi wasikilizaji, kabla ya kulala tujiulize: nani amekaa upande kwa ajili ya kosa letu? Kesho tuinue mkono mbele yake, tukiri kama Fundi Kushoto.