Mama Milimita na Nusu Iliyozidi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi, fundi mkuu wa maabara yetu ya viungo anastaafu. Hospitali nzima inamjua kwa jina la Mama Milimita. Hata mumewe siku hizi humwita hivyo.

Alipoajiriwa, unene wa gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa ya goti isisagane, ulipimwa kwa kuchomwa sindano. Yeye ndiye wa kwanza hapa kujifunza kutumia mwanga: daktari hupitisha kijiti chenye taa kwenye tundu dogo la goti, naye husoma mwanga unaorudi na kutaja unene bila kujeruhi kitu. Waliomuuliza kazi yake aliwajibu kwamba anamulika magoti ya watu, na maswali yakaishia hapo.

Mwaka wake wa kumi na tisa ulikuwa mchungu. Asubuhi moja alipima kipande cha kioo ambacho unene wake anaujua, mashine ikazidisha nusu milimita. Lenzi ilikuwa imelegea, tena kwa miezi minne. Mkuu wa idara wa wakati huo alimshauri aikaze kimyakimya. Funika kombe, mwanaharamu apite. Yeye akaandika barua, akaitia sahihi peke yake, na wagonjwa sitini na wawili wakaitwa upya.

Kumi na mmoja walikuwa wameambiwa wako salama ilhali gegedu lilikaribia kwisha. Mmoja wao, mfanyausafi wa shule, alikuwa ameendelea kupiga magoti akisugua sakafu hadi mifupa ikasagana. Mama Milimita alimfuata nyumbani. Yaliyotokea alitusimulia mwenyewe.

“Wewe ndiye uliyesema goti langu zima?”

“Ni mimi, dada. Nimekuja kukuomba radhi.”

“Radhi yako haitanipandisha ngazi.”

Mlango ukafungwa. Alirudi mara mbili zaidi, haukufunguliwa. Cheo alichokitarajia kilikwenda kwa mwingine.

Tangu hapo hapimwi mgonjwa kabla ya kioo. Mimi aliwahi kunitoa kwenye chai, kikombe mkononi, kwa kuwa sikuandika kipimo cha asubuhi.

Tulipomwomba ruhusa ya kuandika wasifu huu, alitoa sharti moja: wale kumi na mmoja wasiachwe nje. Hawakuachwa.

Asante, mama, kwa kazi yako na kwa barua ile. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, na usingizi usio na deni la moyo.