Joakim Mwandu Mboje, Bwana Mifugo Aliyetembea kwa Macho

Wapendwa waombolezaji, baba na mama zetu mliotoka Mwanhuzi, Nyalikungu na hapa Bariadi, familia imempa Danford, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, naye atayasoma kama yalivyo, pamoja na sehemu inayomhusu yeye mwenyewe.

Marehemu Joakim Mwandu Mboje alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974 huko Mwanhuzi, wilayani Meatu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mboje na Mama Nyanjige, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1983 hadi 1989, kisha sekondari wilayani Maswa hadi 1993, na mwaka 1997 akahitimu stashahada ya mifugo katika chuo kimoja mkoani Arusha. Tarehe 1 Julai 1998 aliajiriwa kuwa ofisa mifugo, wakati huo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, na kwa miaka mingi pikipiki yake ilijulikana kwa mlio kabla haijaonekana, hata wazee wakawa wanafungua zizi mapema wakisema, "Huyo anakuja."

Tarehe 14 Oktoba 2000 alifunga ndoa na Lukresia, muuguzi aliyepangiwa kazi huku akitokea Bukoba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jenifer mwaka 2002 na Josia mwaka 2006.

Mwezi Aprili 2016 marehemu alipata maambukizi makali ya damu, akalazwa wiki tatu akichomwa sindano za dawa iliyookoa maisha yake, lakini alipotoka kitandani hakuweza kutembea kama alivyoingia, akawa anatanua miguu, anayumba, na kila alipopiga hatua nyumba na miti ilimrukaruka machoni. Mchana alijikongoja, ila umeme ukikatika alikaa alipo mpaka taa iletwe, maana gizani hakujua kama amesimama wima au anaanguka. Siku moja stendi, akiwa ndani ya basi lililoegeshwa, basi la jirani lilianza kuondoka, naye akashika kiti kwa mikono miwili akapiga kelele, "Dereva, breki!", na abiria wakacheka mpaka wakatokwa machozi.

Marehemu hakuwahi kuonja pombe, lakini watu walisema analewa, wengine wakasema amelogwa, na pikipiki akairudisha ofisini mwenyewe kabla hajaua mtu. Tarehe 23 Juni 2018, siku tuliyomzika mama yetu, Joakim alisogea kubeba jeneza kama mtoto wa kwanza, na Danford, huyu anayesoma, akamzuia kwa mkono mbele ya ukoo mzima akisema, "Kaka, kaa pembeni, usije ukatuangushia mama." Marehemu alirudi nyuma akashika ukuta, na jeneza likapita mbele yake.

Mwezi Oktoba mwaka huo Lukresia alimpeleka kwa Daktari Elineema, jijini Mwanza, ambaye alimwambia abananishe miguu na kufumba macho, na palepale akaanguka mikononi mwake. Daktari akamweleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachouarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka na mwili unaposogea, na ubongo huunganisha habari hiyo na ya macho na ya nyayo ndipo mtu ajue anakwenda au ametulia. "Cha kwako kimekufa pande zote mbili kwa ile dawa, Bwana Joakim," akasema, "hakitarudi, kwa hiyo utatembea kwa macho na miguu, na macho peke yake yanadanganyika." Marehemu alirudi akamwambia Danford, "Si pombe, mdogo wangu, ni sikio," wala hakumdai neno lolote. Danford hakumwomba radhi mbele ya wale waliomsikia siku ile, anaomba leo, amechelewa, na anajua amechelewa.

Marehemu aliendelea na kazi akipakiwa na bodaboda, na tarehe 12 Machi 2025 aliitwa na Bwana Ng'washi, ambaye ng'ombe wake alishindwa kuzaa, wakafika mtoni kwa miguu, maji yakiwa chini ya magoti lakini yanakwenda kasi. Ng'washi anasema alimwambia, "Nishike begani, utazame ng'ambo," naye akamshika, ila katikati sanduku la dawa lilianza kuteleza, akainama kulitazama, macho yakaangukia maji. Wakasimama. Akauliza, "Mbona tunapelekwa?" Ng'washi akamjibu, "Tumesimama, bwana mifugo," lakini alikuwa ameshaegemea upande wa pili kujizuia na mwendo ambao haukuwepo, akaanguka, kichwa kikapiga jiwe. Alifariki hospitalini tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, Lukresia akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi hapa, wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee Bwana Ng'washi, aliyembeba mgongoni kilomita nne hadi barabarani huku ng'ombe wake akifia zizini na ndama tumboni, na jana alikuja kuchimba kaburi bila kuitwa.

Pumzika kwa amani, kaka yetu Joakim. Sasa tunaomba vijana wasogee, na Danford atashika mbele.