Marehemu Fidelis Kobelo na Ndege Aliyokuwa na Wivu Nayo

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima tangu asubuhi kuja kumsindikiza kaka yangu: mimi ni Agnes, mdogo wake. Yuliana, mjane wake, ameniomba niyaseme maisha yake kama yalivyokuwa, pamoja na wivu wake. "Ukiuacha wivu," aliniambia, "watu watadhani tunamzika mtu mwingine."

Marehemu Fidelis Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa kijijini Bunduki, mtoto wa kwanza wa mzee Ignas na mama Ester, wakulima wa mboga. Nilipozaliwa mimi alikuwa na miaka mitano. Mama alitusimulia kwamba siku hiyo alikunja mkeka wake akahamia kwa bibi, akasema atarudi mgeni akishaondoka. Kesho yake alirudi, kwa sababu kwa bibi hakukuwa na mtu wa kugombana naye.

Alisoma shule ya misheni huku huku mlimani, akamaliza darasa la nane mwaka 1957. Mwaka 1960 aliajiriwa kwenye karakana ya shamba moja la mkonge nje ya mji wa Morogoro, akitengeneza matrekta. Baadaye shamba lilipata ndege ndogo ya injini moja, ambayo hata wakati huo haikuwa mpya, na yeye akapelekwa Nairobi kusomea ufundi wake. Alirudi na cheti mwaka 1970. Tangu hapo hakuna mkono mwingine ulioigusa injini ile. Meneja mwenyewe hakuruhusiwa kuegemea bawa.

Tarehe 12 Juni 1965 alikuwa amefunga ndoa na Yuliana katika parokia yetu. Alimwona kwenye kwaya, amesimama karibu na mwimbaji mmoja wa besi. Jumapili iliyofuata marehemu naye akajiunga na besi, ingawa sauti hakuwa nayo kabisa. Mwalimu wa kwaya alivumilia mpaka harusi ikapita, kisha akamwomba kwa heshima arudi kukaa na waumini wengine. Mungu aliwajalia watoto watatu: Scholastika, Frank na Neema.

Mwaka 1992 mashamba ya umma yalianza kuuzwa, na shamba lile likapata wenyewe wapya ambao hawakuhitaji ndege. Ilinunuliwa na Bwana Stambuli, aliyeanza na mahindi na karanga sokoni Gairo, na enzi ya ruksa, biashara zilipoachwa huru, ikamfungulia milango. Alikuja na fundi wake, kijana wa Tanga aitwaye Sufiani. Marehemu akapunguzwa kazi. Siku ya kuondoka alichukua vizibo viwili vya kitambaa, vyenye utepe mwekundu, ambavyo alikuwa akivitia kila jioni kwenye vipumulio vya matangi ya mafuta, chini ya mabawa. Alisema ni vyake, amevishona mwenyewe. Ilikuwa kweli.

Akafungua kazi ya kutengeneza mashine za kusaga, mjini. Ndege ikipita juu, alizima mashine ya mteja ili asikilize. "Anaichosha," alikuwa akisema. Hakuwahi kusema inaenda vizuri.

Novemba 1994 injini ilizimika angani, rubani akatua kwa shida kwenye barabara ya mashamba ya miwa karibu na Turiani. Pale chini ikawaka mara moja. Sufiani alifungua kabureta, akatoa plagi, akasafisha chujio, asione kasoro. Wiki iliyofuata ikazimika tena. Mji mzima ukasikia, na marehemu akajua ni nini. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya vipumulio. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho injini inakosa mafuta. Ukifungua kifuniko cha tangi kupima mafuta, hewa inaingia, na ugonjwa hauonekani tena.

"Mwache ajifunze," alimwambia Yuliana.

"Ajifunze kwa roho ya nani?" Yuliana akamjibu. "Jumamosi Bwana Stambuli anampeleka mama yake hospitali Dar kwa ndege hiyo hiyo."

Marehemu hakula. Kesho yake alivaa shati la kanisani, akatia vizibo mfukoni, akaendesha baiskeli mpaka uwanjani. Alimkuta Sufiani amelala chini ya bawa, vipumulio vyote viwili viko wazi, na vipande vya udongo viko juu ya gazeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Nimewaona nyigu wakiingia. Kinachonishinda ni namna ya kuwazuia wasirudi."

Marehemu alisema, "Ndiyo kazi hiyo," akapanda baiskeli akaondoka, vizibo vikiwa mfukoni. Yeye mwenyewe alitusimulia kwamba moyo ulimuuma kuliko siku aliyopunguzwa. Alifika hadi Msamvu, akateremka, akasimama pale huku watu wa mabasi wakimuuliza anasafiri kwenda wapi. Kisha akageuza.

"Utepe usikatwe," alimwambia Sufiani akimpa vile vizibo. "Rubani asipouona atasahau kuvitoa."

Jumamosi mama yake Bwana Stambuli alifika Dar salama. Tangu hapo kila ukaguzi mkubwa Sufiani alimwita, na kila mara waligombana. Sufiani akitangulia kuona kasoro, marehemu alirudi nyumbani amenuna mpaka chakula cha usiku kikapoa.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, akavimba miguu. Mwezi uliopita alilazwa mjini. Jumanne jioni Sufiani alimtembelea, akamweleza kwamba injini inatetemeka ikijaribiwa kwa magneto moja kati ya zile mbili zinazotoa cheche za plagi, na yeye hajui kwa nini.

Marehemu alifumba macho. "Tazama plagi za chini. Moja imelowa oili."

Sufiani alishukuru, akaaga. Alipotoka, marehemu alimgeukia Yuliana.

"Kanidanganya huyu. Ameshaitengeneza. Mwenye injini iliyomshinda haji na mikono safi hivyo."

"Umekasirika?"

"Nina wivu," akasema. "Mwambie aje tena kesho."

Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Juni 1999. Sufiani alifika saa nne, akiwa na swali jingine.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na Bwana Sufiani, ambaye Yuliana ameagiza atajwe pamoja nasi.

Mungu ampokee kaka yetu, ampumzishe kwa amani.