Malachy Tuohy na Tundu la Tatu: Miaka Arobaini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2014, saa kumi na moja jioni, Malachy Tuohy atavua aproni yake na kustaafu baada ya miaka arobaini na moja katika karakana yetu ya vinanda vya mdomo hapa Kilvarna. Nimeombwa kuandika habari zake kwa sababu nimekaa naye benchi moja kwa miaka ishirini na sita na, kama alivyosema meneja, "Attracta, wewe ndiye unayemjua kuliko sote." Ni kweli namjua. Mvi zangu zote ni ushahidi.

Aliajiriwa Juni 1973, kazi yake ikiwa kukaza skrubu. Hakumaliza miaka miwili, akahamishiwa upangaji wa sauti. Kazi yenyewe ni kukwangua kwa tupa ndogo zile ndimi za shaba zinazotetemeka ndani ya kinanda. Ukikwangua ncha, sauti inapanda; ukikwangua shina, inashuka; ukizidisha, umeharibu. Malachy hakuwahi kuzidisha. Hilo nalisema bila kinyongo, na ni miongoni mwa machache nitakayoyasema bila kinyongo.

Tatizo lake lilikuwa tundu la tatu. Kinanda cha kawaida, chenye matundu kumi ya kupuliza na kuvuta pumzi, kilipangwa zamani huko Ujerumani, kwa nyimbo za huko. Chini kabisa zimerukwa sauti mbili, na ngoma za kaunti yetu ya Clare zinapita papo hapo. Tundu la tatu ukilipuliza linatoa sauti ile ile ambayo la pili limeshatoa ukivuta.

"Hili tundu linakula bure," alikuwa akisema, huku akinisogezea kinanda puani. "Mpe kazi mvivu huyu! Lipandishe hatua moja tu, mojawapo ya sauti zilizokosekana inarudi."

"Malachy, mteja hakuomba."

"Hajui kama anaweza kuomba."

Basi akawa anawapandishia watu tundu la tatu bila kuwauliza. Barua za malalamiko nilijibu mimi. Nilimsihi angalau aandike lebo. Akaandika. Mojawapo nimeihifadhi: "Kama kile cha Jumanne, ila kizuri zaidi." Shule moja iliagiza vinanda ishirini vinavyofanana, ikapelekewa ishirini vya mipangilio minne ya sauti, ili watoto, eti, wachague. Tulivirekebisha vyote, mimi na yeye, yeye akipiga mluzi.

Kisha yakaja ya Bi Dympna Halloran, mwaka 1996. Bi Dympna alikuwa na miaka sitini na mmoja, na alikuwa ameshinda mashindano ya kaunti mara nne mfululizo. Alituletea kinanda chake kisafishwe. Kisafishwe tu. Alikipitia asubuhi ya mashindano, njiani kuelekea ukumbini, na saa moja baadaye akapanda jukwaani mbele ya watu mia tatu. Alianza kama kawaida yake, kwa kupuliza matundu matatu ya kwanza kwa pamoja. Ikatoka sauti kama ya mtu anayeng'olewa jino. Akaanza upya, ikawa ile ile. Watu wakacheka. Bi Dympna akakitia kinanda mfukoni, akashuka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilikuwa ukumbini. Jumatatu yake nilimpakia Malachy kwenye gari langu, kwa nguvu, nikampeleka akaombe radhi. Njia nzima alikaa ameinamisha kichwa. Nilifurahi, nikadhani hatimaye yamemwingia.

Bi Dympna alitupokea jikoni. Chai hakutupa, na hapa kwetu hilo ni zaidi ya tusi.

"Nani alikutuma uguse tundu la tatu?"

"Hakuna," akajibu Malachy. "Nisamehe, Bi Dympna. Nimekuaibisha mbele za watu."

"Nimelipuliza miaka arobaini, halijawahi kunilalamikia."

Hapo mwenye akili angenyamaza. Malachy akasema, "Ila wewe ndiye unayeruka."

"Naruka nini?"

"Ule wimbo wa polepole, wa baba yako. Kila mwaka nakusikiliza. Mstari wa pili, karibu na mwisho, kuna mahali unapanda juu haraka kama mtu anayeruka dimbwi."

Nilifumba macho. Bi Dympna akasema taratibu, "Naruka kwa sababu sauti haipo."

"Kwenye hicho ipo."

Kinanda kilikuwa pale mezani, tangu siku ya mashindano hajakigusa. Akakichukua, nadhani ili amwonyeshe kwamba anaropoka. Akaupiga wimbo pole pole, sauti moja moja. Alipofika mstari wa pili hakuruka. Alishuka, ile sauti ikatoka, nzito na safi, naye akaishikilia mpaka pumzi ikamwishia.

"Baba alikuwa akiipiga hivyo kwenye fidla," alisema, akitutazama kama watu waliomletea barua ya zamani. "Tangu azikwe sijaisikia."

Halafu akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akamnyooshea Malachy kidole. "Hiki niachie. Nitengenezee kingine cha mpangilio wa zamani, cha mashindano. Na ukigusa tena kitu changu bila ruhusa, nakuvunja vidole."

Chai ikaja, na mkate wa soda. Na mimi, niliyempeleka kukemewa, nikarudi naye akiwa na kiburi mara mbili ya alichokwenda nacho. Leo mipangilio yake mitatu imo katika orodha yetu, inaagizwa kutoka kaunti ya Kerry mpaka ya Donegal. Majina ya mipangilio hiyo nilichagua mimi. Aliyoyataka yeye hayachapiki.

Sasa niseme kwa nini anaondoka, maana yeye mwenyewe amenikubalia niandike. Mwezi Februari mwaka huu niligundua kwamba matundu ya juu, la tisa na la kumi, yanatoka mezani kwake yakiwa yamepotoka sauti. Sikumwambia. Nikawa nafika nusu saa kabla yake, nayarekebisha, narudisha kila kitu mahali pake. Mwezi Mei alinikuta nikiwa na tupa mkononi.

"Hicho ni changu," akasema.

"Ndiyo."

"Unakifanya nini?"

Nikapuliza tundu la kumi. "Unasikia?"

Akainamisha kichwa. Nikapuliza tena, kwa nguvu. Akatazama mdomo wangu, kisha mikono yangu.

"Tangu lini?"

"Februari."

Malachy alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Miezi mitatu unagusa kazi yangu bila kuniuliza? Wewe, Attracta?"

Nilikaa chini nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na yeye akasimama pale akinipigapiga begani kwa mpini wa tupa, maana hakujua afanye nini kingine. Mchana ule alikwenda mwenyewe kwa meneja kumwarifu kwamba anastaafu.

Matundu ya chini bado anayasikia vizuri, la tatu kuliko yote.

Malachy, wenzako wa karakana tunakushukuru kwa kila ulimi ulioukwangua, ulioombwa na usioombwa. Tunakuombea afya, usingizi mnono na majirani wavumilivu. Jumatatu benchi letu litakuwa na ule utulivu nilioulilia miaka ishirini na sita, nami sijui kabisa nitaufanyia nini.