Aliyetufundisha Kungoja Kikohozi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari wa usingizi ambaye hospitali nzima humwita Mama Kohoa atastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo hakupewa na wazazi wake wala na mwajiri. Alipewa na wagonjwa, na sababu yake inafaa ielezwe kwa wageni watakaohudhuria hafla hii ya kumuaga bila kumfahamu.

Alianza kazi katika chumba cha upasuaji, na huko angeweza kukaa hadi leo, penye utulivu na wagonjwa wasiobishana. Lakini mara kwa mara aliitwa wodini kuwasaidia watu waliolazwa kwa kuvunjika mbavu, ambao sasa walikuwa wanaugua nimonia. Ubavu haufungwi plasta kama mguu. Aliyevunjika mbavu huogopa kuvuta pumzi, na kukohoa huogopa zaidi. Makohozi yakituama kifuani, mapafu huugua. Dawa kali za maumivu nazo humlaza usingizi, akazidi kupumua kidogo kidogo. Mama Kohoa aliona kwamba msaada ulikuwa unachelewa. Akaomba ahamishiwe idara ya dharura, ili ganzi ya kuzuia maumivu ya mbavu imfikie mgonjwa mapema.

Mgonjwa wake wa kwanza hapa idarani kwetu alikuwa fundi wa paa aliyeteleza akiezeka bati. Alipumua kama mtu anayeonja chai ya moto. Daktari wa upasuaji alisema waziwazi kwamba idara ya dharura si mahali pa kuchezea sindano. Mama Kohoa hakubishana. Aliweka kifaa cha ultrasaundi ubavuni, akaifuata ncha ya sindano kwenye kioo cha kifaa hicho, akaingiza dawa ya ganzi kati ya tabaka za misuli, pale zinapopita neva za mbavu. Ganzi ilipokolea akamwambia, "Baba, kohoa." Fundi alimtazama mkewe kama anayeaga. Kisha akakohoa hadi pazia likatikisika.

"Alaa!" mkewe akasema. "Kumbe bado umo humo ndani!"

Wiki iliyofuata daktari yule wa upasuaji ndiye aliyepiga simu: "Dada, nina mbavu zako hapa."

Tangu hapo kikohozi, ambacho kwingine ni dalili ya ugonjwa, kwetu kikawa habari njema. Kila kiliposikika, Mama Kohoa alianza kupiga makofi na wauguzi wakafuata. Mazoea yana taabu zake. Siku moja mkurugenzi alikuja kukagua idara wakati kuta zinasuguliwa ili zipakwe rangi, akapaliwa na vumbi, akakohoa. Wauguzi waliokuwa nyuma ya pazia wakampigia makofi, na mmoja akaongeza, "Tena, baba, tena!" Mama Kohoa ndiye aliyekwenda ofisini kueleza. Kicheko cha mkurugenzi, tunaambiwa, kilisikika hadi famasi.

Kwa wanafunzi wake hakuwa mpole. "Mwanangu, sindano si jembe," alisema, na aliyeisogeza bila kuiona ncha yake kwenye kioo aliondolewa kitandani papo hapo. Kwa maana nyuma ya ubavu kuna pafu, na pafu likitobolewa halisikii radhi. Kwa hiyo waliomsifu walikuwa wengi, waliohitimu kwake wachache, na wengi wa hao wamehamia kwingine. Likizo yake ya kustaafu ilipoanza mwezi huu, idara ilibaki na daktari kijana mmoja tu mwenye idhini yake ya kuchoma ganzi hiyo, ambaye hakuwahi kufanya kazi hiyo bila mwalimu wake kusimama karibu. Hofu yetu hatukuificha: ujuzi ungeondoka na mwenyewe, na wagonjwa wangerudi kuugulia wodini kama zamani.

Jaribio halikukawia. Aliletwa bibi mmoja aliyeanguka ngazini, mbavu nne zimevunjika, hawezi kumaliza sentensi. Wote tuligeuka kuutazama mlango, kana kwamba Mama Kohoa angeingia huku akifunga vifungo vya koti. Hakuingia. Daktari kijana alishika simu, akaiweka, akanawa mikono. Hakuisogeza sindano mpaka ncha yake ilipoonekana kwenye kioo. Baada ya hapo akaingiza ganzi.

Bibi alipotakiwa kukohoa alikataa kwanza. "Mjukuu wangu, nikohoe ili nife?" Kisha akakohoa, akashangaa, akakohoa tena kwa makusudi. Makofi hayakupigwa. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na aliyezoea kuanza hakuwapo.

Jioni daktari kijana alimpigia mwalimu wake simu, nasi tukaizunguka ile simu kama watoto wanaongoja sauti ya mama aliye safarini. Mama Kohoa hakutaka hadithi ndefu. Aliuliza tu kama ncha ilionekana wakati wote. Akaambiwa ilionekana.

"Basi," akasema, "sasa nimestaafu."

Daktari wetu, tunakushukuru kwa kila pumzi uliyowarudishia watu. Kazi yako imebaki nasi, lakini tunakukosa wewe. Tunakuombea siku nyingi, usingizi wa kutosha, na nyumba yenye vicheko. Idarani upite upendapo. Uje kwa miguu yako, si kwa machela, uwe mgeni wetu, tukupe kiti na wewe safari hii ukae.